Timothy, Kobe Aliyejizika Kila Mwaka

Wanangu, leo nawasimulia habari za kobe wa kweli, aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita. Jina lake Timothy. Kwa miaka mingi alifugwa na bibi mmoja, Rebecca Snooke, katika ua mdogo wenye ukuta huko Ringmer, kusini mwa nchi ile. Bibi huyo alikuwa na mpwa wake, kasisi Gilbert White, mtu mwenye subira ya ajabu. Kila alipomtembelea shangazi yake alimtazama kobe yule, na alichokiona alikiandika.

Tarehe 1 Novemba 1771 alimwona Timothy ameanza kuchimba. Miguu ya mbele ilikwangua udongo, ya nyuma ikaurusha, polepole mno, hata ukikodoa macho ni shida kuuona mguu ukisogea. Alichimba usiku na mchana. Lakini mwaka ule adhuhuri zilikuwa na jua zuri, na kila lilipowaka kobe aliacha kazi akatoka kuliota. Ikafika tarehe 13, shimo bado halijaisha.

Mnaona ni nani aliyekuwa akimwamuru? Ni joto. Sisi tuna jiko ndani ya miili yetu, linawaka usiku na mchana, ndiyo maana twadai chakula kila siku. Kobe hana jiko hilo. Joto lake hulipata kwa jua, na jua likififia kila kitu mwilini mwake hupungua: moyo hupiga mara chache kwa dakika, pumzi huja kwa nadra, tumbo husimama.

Hilo la tumbo ndilo zito. Chakula kikibaki tumboni wakati wa baridi hakisagiki, huoza humo humo, na kobe aweza kufa. Timothy hakufundishwa na mtu. White aliandika kwamba katikati ya majira ya joto alikula kwa pupa, lakini wiki 6 za mwisho kabla ya kuingia shimoni alikuwa karibu hali kitu. Aliingia katikati ya Novemba, akatoka katikati ya Aprili. Miezi 5 bila mlo!

Shangazi alipofariki mwaka 1780, White alimchukua kobe. Mwezi Machi alimfukua, akamtia katika sanduku lenye udongo, wakasafiri maili 80 kwa gari la farasi hadi kijijini kwake Selborne. Mtikisiko wa barabara ukamwamsha. Alipowekwa bustanini alitembea mara mbili hadi mwisho wa bustani, na jioni baridi ilipoingia akajifukia tena. Naupenda sana ukaidi huo.

Siku hizi wafugaji wengi wa Ulaya hawamwachi mnyama wao alale bustanini. Baridi ikizidi, kobe huganda, na akipona huenda akapofuka. Kwa hiyo wengi humlaza ndani ya friji. Naam, friji, penye nyuzi 5 hivi! Kwanza humnyima chakula kwa wiki kadhaa, kama Timothy alivyojinyima, huku wakimwogesha maji ya vuguvugu ili anywe, na humpima uzito. Akishalala, hufungua mlango mara kwa mara hewa iingie, na kumpima tena. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, huamshwa. Joto nalo likipita nyuzi 10, mwili huanza kuunguza akiba yake na tumbo bado haliwezi kazi. Kobe mgonjwa halazwi kabisa.

Timothy alikufa muda mfupi baada ya White kufariki mwaka 1793. Gamba lake limehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London, na lilipochunguzwa ilibainika kuwa alikuwa jike! Aina yake hutoka nchi za Mediterania, ambako majira ya baridi huja kila mwaka.

Kobe wa kwetu ni wengine. Yule mwenye madoa wa nyika za Kenya na Tanzania, na yule bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba, kiangazi kikali hujificha na kutulia, lakini miili yao haikuumbwa kwa miezi ya kulala baridini. Wamechukuliwa wengi kwenda kufugwa ng'ambo. Mfugaji asiyejua akimtia mmoja wao katika friji pamoja na ndugu wa Timothy, yule wa Mediterania ataamka, wa nyikani atakufa. Huyu wa kwetu anataka taa ya joto na majani mabichi Desemba yote na Januari yote, mpaka jua la huko lipate nguvu.