Nakala ya Funguo: Kuhifadhi Faili la Watumiaji wa Kompyuta Kuu

Siri ambazo mgonjwa humkabidhi daktari siku hizi huandikwa katika kompyuta. Katika taasisi kubwa zinazotumia meinifremu, yaani kompyuta kuu inayohudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, lipo faili linaloamua nani aingie na nani azuiwe. Humo huorodheshwa kila mtumiaji, nywila yake iliyosimbwa na ruhusa alizopewa. Faili hilo likiharibika, daktari hawezi kusoma majibu ya maabara, hata kama majibu yenyewe yako salama.

Katika meinifremu za IBM, kazi hiyo huweza kufanywa na programu ya RACF, iliyotolewa mwaka 1976. Programu hiyo huweza kutunza hifadhidata mbili, ya msingi na ya akiba, na badiliko linaloingia katika ya kwanza huandikwa pia katika ya pili. Diski moja ikiharibika, wasimamizi huhamia nyingine. Hata hivyo, pacha huyo hatoshi: akaunti ikifutwa kwa makosa, hufutika kotekote. Kwa sababu hiyo huhitajika nakala ya tatu, inayochukuliwa kwa ratiba, kukaguliwa kwamba haina kasoro, na kutunzwa mbali na mashine.

Nakala hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza ni wizi. Mwaka 2012 nchini Sweden iligunduliwa kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika meinifremu ya kampuni ya Logica na kunakili hifadhidata ya RACF. Baadaye waliweza kubaini nywila nyingi wakitumia kompyuta zao wenyewe, mahali ambapo hakuna mfumo wa kumfungia mtu anayekosea mara kadhaa. Nakala, basi, hustahili ulinzi uleule wa faili lenyewe: isimbwe, ifungiwe, na kila anayeigusa aandikwe.

Hatari ya pili ni ukale wake. Nakala ya mwezi uliopita haijui kwamba muuguzi fulani amehamishwa au kwamba mkandarasi amemaliza mkataba wake. Ikirejeshwa, huwarudishia wote hao ruhusa zao, pamoja na nywila zilizokwisha kubadilishwa kwa kuvuja. Kwa hiyo, urejeshaji haujakamilika mpaka orodha ilinganishwe na mabadiliko yote yaliyofanyika tangu nakala ichukuliwe.

Hapa mhudumu wa afya ana wajibu wake. Kiongozi wa wodi atoe taarifa ya maandishi siku ileile mtumishi anapoondoka, kwani taarifa hiyo ndiyo itakayotumika kurekebisha orodha. Kila mmoja achague nywila ndefu asiyoitumia kwingine. Naye mgonjwa anaweza kuuliza ni nani wanaoruhusiwa kusoma kumbukumbu zake, na ruhusa hizo hukaguliwa lini. Hospitali inayotunza vyema faili lake la watumiaji haitapata taabu kumjibu.