Kinga Aipatayo Mtoto Tumboni

Mama wa Matwebe, ateremkaye kliniki na mwanawe mgongoni huku migomba ikidondosha maji ya mvua ya Rungwe njia nzima, ana haki ya kuuliza: ikiwa surua ni maradhi makali kiasi hicho, mbona mtoto angoje hata atimize miezi 9 ndipo achanjwe?

Jawabu limo mwilini mwa mama mwenyewe. Mwanamke aliyepata kuugua surua, au aliyechanjwa, huwa na kingamwili katika damu yake, na hizo, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba, hupita kwenye kondo la nyuma zikamwingia mtoto, naye huzaliwa nazo kama amana aliyokabidhiwa, amana ipunguayo mwezi hata mwezi. Nayo, maadamu ingali nyingi, huizima chanjo kabla haijaamsha kinga ya mtoto mwenyewe. Ndiyo sababu ya kungoja. Mtoto njiti hutoka kabla ya kupokea fungu lake kamili, na malaria iliyoingia katika kondo, kadhalika virusi vya UKIMWI vya mama, hulipunguza fungu hilo.

Ukubwa wa amana hiyo hutegemea pia jinsi mama alivyoipata kinga yake. Mwaka 1846 tabibu Peter Panum, alipotumwa visiwa vya Faroe surua ilipozuka huko, aliona kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakushikwa tena, ijapokuwa miaka 65 ilikwisha kupita. Kinga ya aliyeugua ni ya nguvu kweli, na mama aliyechanjwa aghalabu humwachia mwanawe kingamwili chache kuliko anazomwachia mwanawe mama aliyeugua. Lakini hasha, asitamani mtu kurejea zama za kabla ya chanjo, kwani kinga hiyo ilinunuliwa kwa makaburi ya watoto.

Mwanamke asiye na kinga akishikwa na surua akiwa mjamzito, hatari ni yake na ya kilichomo tumboni: nimonia, mimba kuharibika, au kuzaa kabla ya wakati. (Vilema vya macho, masikio na moyo ni taabu ya rubella, ndugu wa surua kwa sura tu.) Wala hawezi kuchanjwa wakati huo, kwa kuwa chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa; yapasa achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Tangu 2014 Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubella pamoja, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18.

Basi mjamzito aliyekaa na mgonjwa wa surua asingoje vipele, maana mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla havijatoka. Afike kituoni upesi, awaarifu wauguzi kabla ya kuketi miongoni mwa wenziwe. Nanyi wazazi, itazameni leo kadi ya kliniki ya binti yenu, na ikiwa chanjo ya miezi 18 haikuandikwa, mpelekeni, kwa ajili yake na ya mtoto atakayemzaa.