Uharamia wa Vitabu na Riwaya Isiyoandikwa

Kila tunapozungumzia hakimiliki darasani, wanafunzi wangu hunikabili kwa hoja ile ile: anayepakua riwaya kutoka intaneti bila malipo hamnyang'anyi mwandishi chochote, kwani hata hivyo asingeinunua. Hoja hii ina mvuto. Hata hivyo, naiona ikiyumba inapofika kwenye riwaya pendwa, yaani za upelelezi, mapenzi na fantasia, ambazo aghalabu hutolewa kwa mfululizo. Mchapishaji hutazama mauzo ya kitabu kilichotangulia ndipo aamue kuchapa nakala ngapi za kinachofuata, au kutokichapa kabisa.

Maggie Stiefvater, Mmarekani anayewaandikia vijana riwaya za fantasia, alieleza hadharani mwaka 2017 yaliyomsibu. Mauzo ya kitabu cha tatu cha mfululizo wake, The Raven Cycle, yalishuka ilhali wasomaji walikizungumzia kwa shauku. Mchapishaji akaamua kupunguza nakala za kitabu cha nne, The Raven King, kilichotoka 2016. Ndipo mwandishi na ndugu yake wakatengeneza faili bandia: sura nne za mwanzo zikirudiwarudiwa hadi zikatimia unene wa kitabu kizima, pamoja na maelezo kuhusu madhara ya uharamia. Wakaisambaza kule kule maharamia wanakochota. Waliokosa nakala ya wizi wakaenda kununua, na kwa maelezo yake, chapa ya kwanza ikamalizika kwa siku mbili. Mfano mmoja si utafiti, nakubali, lakini wale "wasingenunua" walinunua.

Hapa Kenya, riwaya teule ina kinga kidogo, kwa kuwa hata ikinakiliwa kiharamia, mtihani huzilazimu shule nyingi kuinunua. Riwaya ya upelelezi haina mtahini wa kuitetea. Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule Mtanzania, sidhani angerudi katika vitabu kadhaa laiti wasomaji wasingalitoa fedha zao kwa kile cha kwanza.

Nasi walimu tumo. Yuko anayetuma faili ya riwaya nzima katika kundi la WhatsApp jioni, kisha asubuhi akafundisha dhamira ya ufisadi!

Bei ya vitabu ni kizuizi halisi, wala simtarajii mwanafunzi wa bweni anunue kila anachotamani kusoma. Lakini maktaba ya shule ikinunua nakala tano na darasa zima likapokezana, mchapishaji atakuwa na mauzo matano ya kuhesabu.