Nyota ngapi zilivunjika?

Juzi mwanangu wa darasa la saba alinionesha kwenye simu picha ya galaksi yenye umbo la pete. Chini imeandikwa kuwa galaksi mbili ziligongana. Akaniuliza, “Baba, sasa nyota ngapi zimevunjika?” Nikajibu mbio mbio: “Nyingi, mwanangu.” Kumbe nimemdanganya, na kesho yake ilibidi nimrudie.

Galaksi ile inaitwa Cartwheel, yaani gurudumu la gari, na kweli ukiitazama utakumbuka gari la ng'ombe la Unguja: kitovu katikati, njiti, halafu duara kubwa la nje. Aliyeigundua ni Fritz Zwicky mwaka 1941. Iko mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru milioni 500, na picha yake kali kabisa ilipigwa na darubini ya James Webb, ikatolewa Agosti 2022.

Neno “kugongana” ndilo linalotupoteza. Sisi tunafikiria magari mawili barabarani. Lakini hebu chukulia jua letu ni balungi kubwa hapa Muscat. Nyota ya jirani iliyo mfano wake itakuwa balungi jengine huko Unguja, na katikati hamna kitu. Utagonga nini hapo? Galaksi ndogo ilitumbukia karibu na kitovu cha kubwa, ikatokea upande wa pili, na nyota zikapishana salama.

Kilichofanya kazi ni mvuto. Mgeni alipokuwa ndani, uzito wake uliongezeka juu ya ule wa mwenyeji, basi nyota zote zikavutika kuelekea katikati. Alipotoka, zikaachiwa, zikarudi nje. Za karibu na kitovu zilitangulia kurudi wakati za mbali bado zinaingia, zikasongamana njiani. Msongamano ule ndio pete, na unazidi kusogea nje kama wimbi la jiwe lililotupwa bwawani, zaidi ya miaka milioni 400 sasa.

Gesi nayo haina nafasi ya kupishana. Inabanwa, na pale inapobanwa nyota mpya zinazaliwa kwa wingi, kubwa, za moto, rangi ya buluu.

Nikamwambia hazikuvunjika, zimezaliwa. Akatazama picha tena, akaweka kidole kwenye galaksi mbili ndogo zilizo pembeni: “Sasa ipi kati ya hizi ndiyo iliyopita?”