Kwa Nini Diski Inafunguka Ofisini Lakini Inagoma Usharikani

Tangu sharika zetu zilipoanza kutunza hesabu za miradi na takwimu za washarika kwenye kompyuta, kuna swali moja linaloifikia ofisi ya miradi karibu kila robo ya mwaka. Diski ya nje, ile ambayo wengi wanaiita "eksteno", inafunguka vizuri ikiwa ofisini kwetu mjini, lakini ikifika usharikani inawasha taa, inalia "tik, tik, tik", na kompyuta haiioni. Wengine hudhani diski imekufa, wengine hudhani ina virusi. Mara nyingi si hivyo. Diski ina njaa ya umeme.

Tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndani ya diski hizo ndimo zilimo orodha za watoto wanaosomeshwa kwa ufadhili, picha za stakabadhi, na taarifa ambazo wafadhili wanazisubiri. Diski yenyewe inanunulika tena dukani, lakini kumbukumbu za miaka sita hazinunuliki.

Diski ndogo ya nje haina waya wa kuchomeka ukutani. Waya wake mmoja wa USB unafanya kazi mbili: unapitisha data, na unaileta nguvu ya umeme kutoka kwenye kompyuta. Umeme huo ni wa volti 5 tu, na kiasi cha mkondo ambacho tundu la USB linatakiwa kutoa kimewekewa kanuni. Kwa tundu la USB 2.0, toleo lililotoka mwaka 2000, kifaa kikichomekwa kinaruhusiwa kwanza kutumia miliampea 100. Kisha kinajitambulisha kwa kompyuta na kuomba zaidi, na kikikubaliwa kinaweza kufika miliampea 500, yaani wati 2.5. Toleo la USB 3.0 lililotoka mwaka 2008 liliongeza kiwango hicho hadi miliampea 900, yaani wati 4.5. Matundu mapya ya mviringo yanayoitwa USB-C, ambayo kichwa chake huingia upande wowote, yanaweza kutoa ampea 1.5 au hata 3 kama kompyuta imetengenezwa hivyo.

Sasa tuangalie upande wa mlaji. Ndani ya diski kuna sahani ngumu inayozungushwa na mota ndogo, kwa kawaida mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuigusa. Sahani ikishashika mwendo, diski ya inchi 2.5 inatosheka na kiasi cha wati 2 hivi wakati wa kusoma na kuandika. Tatizo ni kuanza. Wanakamati wanaoishi jirani na mashine ya kusaga wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: mashine ikiwashwa, taa za nyumba jirani hufifia, na ikishachanganya, taa hurudi. Diski nayo ni hivyohivyo. Kwa sekunde chache za mwanzo inaweza kuvuta karibu ampea 1, ambayo ni maradufu ya kile tundu la USB 2.0 linachopaswa kutoa. Isipopata, sahani haishiki mwendo, kichwa kinarudi mahali pake pa kupumzikia, diski inajaribu tena, inashindwa tena. Ule mlio wa "tik, tik" ndio majaribio hayo.

Msomaji atauliza, na ni haki yake: kama kanuni ni miliampea 500, mbona diski nyingi zinafanya kazi kwenye kompyuta za zamani? Jibu ni kwamba watengenezaji wengi wa kompyuta hawakuweka kizuizi kikali kwenye kila tundu. Waliweka fyuzi ya kulinda tu, ambayo huacha mkondo upite zaidi ya kanuni kwa muda mfupi. Kwa hiyo kompyuta moja inaitosheleza diski na nyingine inaikatalia, ingawa zote zimeandikwa USB 2.0. Huo ni ukarimu wa kompyuta moja moja, na kamati isiutegemee katika mipango yake.

Mfano mmoja unatosha. Usharika mmoja ulio mbali na barabara kuu, unaotumia umeme wa jua, ulipata ujumbe kwenye kompyuta ukisema diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Fundi wa dukani mjini aliiangalia akasema diski imekwisha, ila angeweza kuifomati ili itumike tena. Mtunza hazina alikataa. Alijua kufomati ni kufuta. Aliifunga diski kwenye kitenge, akapanda basi, akatuletea. Tuliichomeka kwa waya mfupi kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, na majalada yote yakafunguka: malipo ya ada, picha za ujenzi wa tangi la maji, barua, kila kitu. Usharikani diski ilikuwa imechomekwa kwenye habu yenye matundu manne, pamoja na panya na taa ndogo ya kusomea, kwa waya wa mita mbili ulionunuliwa mnadani. Diski haikuwa na kosa lolote, na kama ingefomatiwa siku ile, usharika ungelipia kufutiwa kumbukumbu nzima.

Habu ile inastahili maelezo yake, maana sharika nyingi zinayo. Habu isiyo na umeme wake yenyewe haizalishi kitu. Inagawa kile ilichopewa na tundu moja la kompyuta. Kwa kanuni za USB 2.0, habu ya namna hiyo yenye matundu manne hujibakizia miliampea 100 na kulipa kila tundu miliampea 100. Hizo zinaitosha panya au kibodi, lakini kwa diski ni sawa na kulisha ng'ombe kwa kiganja. Habu yenye adapta yake ya ukutani ni jambo jingine kabisa, nayo inaweza kuipa diski haki yake, mradi adapta iwe ndiyo yake na si ya kuazima kwenye redio.

Na waya nao una lawama zake. Watu wengi huchagua waya mrefu kwa sababu unafika vizuri mezani. Lakini ndani ya nyaya nyingi za bei nafuu, nyuzi za umeme ni nyembamba kuliko zinavyoonekana kwa nje, kwani kinachoonekana ni plastiki. Uzi wa shaba wa ukubwa unaoandikwa 28 AWG, ambao ni wa kawaida katika nyaya hizo, una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja una omu 0.42. Diski ikivuta ampea 1 wakati wa kuanza, volti 0.4 zinapotea njiani. Kwa waya wa mita mbili zinapotea zaidi ya 0.8. Volti 5 zilizotoka kwenye kompyuta zinafika zikiwa 4.2 hivi, na diski inaona hiyo haitoshi. Uzi mnene wa 24 AWG hupoteza chini ya nusu ya hapo. Maandishi hayo mara nyingi huchapwa kwenye waya wenyewe kwa herufi ndogo, na namba ikiwa ndogo ndipo uzi unapokuwa mnene. Ndiyo maana diski huuzwa na waya mfupi. Si ubahili wa kiwanda.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limewaponza wengi. Diski nyingi za USB 3.0 zina tundu pana lenye sehemu mbili. Waya wa simu wa zamani, ule wa kichwa kidogo, unaingia kwenye sehemu moja ya tundu hilo, na diski inaweza hata kuwaka. Lakini hapo imerudishwa kwenye kanuni za USB 2.0, mwendo wake unakuwa wa polepole, na waya wenyewe huenda ulitengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu. Waya mpana uliokuja na diski utunzwe pamoja nayo, ufungwe kwa mpira kama ikibidi, na usipewe mtu wa kuazima.

Diski ikigoma, basi, kamati ianze na yale yasiyo na gharama. Ichomolewe kwenye habu na kuchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa waya wake mfupi. Ijaribiwe kwenye tundu jingine. Lile lenye plastiki ya bluu ndani, au alama ya SS pembeni, kwa kawaida ndilo la USB 3.0. Kwa kompyuta ya mezani tumieni matundu ya nyuma, kwa sababu ya mbele huunganishwa kwa nyaya nyingine ndani ya kasha. Vifaa vingine vyote vichomolewe kwa muda. Na kompyuta ikiuliza kama ifomati, jibu ni hapana, hadi diski ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine angalau moja. Kama inagoma kila mahali hata kwa waya mfupi, hapo ndipo tuanze kusema ni mbovu, na wakati huo isiendelee kuwashwa na kuzimwa, maana kila jaribio linaweza kuongeza madhara.

Uko pia waya wa vichwa viwili, ambao kichwa kimoja hubeba data na umeme, na cha pili hubeba umeme tu kutoka tundu la jirani. Jumuiya ya watengenezaji inayosimamia viwango vya USB haiukubali waya huu, kwa kuwa kichwa cha pili kinachukua umeme bila kuomba. Sisi tumeona umezisaidia kompyuta mpakato za zamani zenye USB 2.0, na hatuoni sababu ya kuwakataza wenye diski iliyokuja nao. Chomekeni kwanza kichwa cha umeme, kisha cha data. Kuchomeka vyote viwili kwenye habu moja isiyo na adapta hakusaidii kitu. Baadhi ya makasha ya zamani yana pia kitundu kidogo cha duara kwa ajili ya adapta ya volti 5. Adapta ya volti 12 ikiingizwa hapo kwa kuwa tu imeingia, diski itaungua, na hiyo kweli haina tiba.

Kuhusu diski kubwa za mezani, zile za inchi 3.5, maelezo ni mafupi. Zinahitaji volti 12 pamoja na volti 5, kwa hiyo zina adapta yao ya ukutani. Kwa sharika zenye umeme wa kukatika hatuzipendekezi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri yake huku diski ikizimika palepale, na jalada lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika. Diski ndogo inalishwa na kompyuta, hivyo umeme ukikatika inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Gharama yake kwa betri ni ndogo: saa nzima ya kunakili kwa wati 2.5 ni wati-saa 2.5 tu, wakati betri nyingi za kompyuta mpakato zina wati-saa 40 hadi 60. Tahadhari ni kutoanza kunakili betri ikiwa imekaribia kwisha. Diski za kisasa zisizo na sahani, ziitwazo SSD, hazina mota ya kuanzisha na hazisumbuki na mtikisiko wa barabara zetu. Bei yake kwa ukubwa uleule bado ni ya juu, na nazo huhitaji waya mzuri wakati wa kuandika data nyingi.

Kwa marafiki zetu wanaotutumia vifaa vilivyotumika, tunashukuru, na tuna ombi. Diski ndogo za inchi 2.5 zinatufaa kuliko kubwa. Tafadhali zije na waya wake wa asili. Kama kifaa kina adapta, angalieni maandishi yake kabla ya kufunga kifurushi: iliyoandikwa 100-240V itafanya kazi Tanzania, ambako umeme ni wa volti 230, lakini iliyoandikwa 120V peke yake itaungua siku ya kwanza. Habu yenye adapta yake ni zawadi ambayo watu hawaifikirii, na sharika zenye kompyuta moja na vifaa vingi zinaihitaji sana.

Waya mfupi wa ziada na waya wa vichwa viwili vipo ofisi ya miradi kwa ajili ya majaribio. Kamati inayotuletea diski ije pia na waya na habu inayotumia usharikani, na kompyuta yenyewe kama inabebeka. Tukiipima diski peke yake hapa mjini itafunguka, mtarudi nayo nyumbani, na itagoma tena jioni ileile.