Doa Sugu Kwenye Rangi ya Gari: Anza na Dawa ya Shilingi Mia

Ukimpelekea fundi wa rangi gari lenye doa lililokataa kutoka, iwe ni Malindi, Kilifi au Mtwapa, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja: pigisha bafing, yaani lisuguliwe kwa mashine. Kwa gari dogo utaitishwa kama shilingi 3,000 hadi 8,000, kutegemea fundi na mapatano yenu, na gari litatoka likimeta. Lakini madoa mengi ya pwani yetu hayahitaji mashine. Yanahitaji dawa ya shilingi mia au mia mbili na subira ya nusu saa. Na bafing isiyohitajika inakugharimu zaidi ya zile pesa ulizohesabu.

Sababu iko kwenye rangi yenyewe. Rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka la juu kabisa, lile lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia, ni maikroni 35 hadi 50 tu, yaani ni jembamba kuliko unywele wa mtu. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Bafing huondoa doa kwa kuisaga klia mpaka ilingane na pale palipoliwa. Kila unapopigisha, unapunguza. Ikiisha utaona boneti na paa vimebabuka mabaka meupe, kama yalivyo magari mengi ya Probox ya barabara ya Malindi, na hapo hakuna polishi itakayosaidia. Utanyunyiziwa rangi upya: paneli moja huenda ikala shilingi 5,000 hadi 10,000, na gari zima kuanzia 50,000 kwenda juu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, lijue doa lako liko wapi. Osha pale mahali, pakauke, kisha pitisha ukucha taratibu. Ukisikia kinundu, doa limekaa juu ya klia na litatoka kwa dawa. Ukiteleza vizuri lakini macho yanaona duara lililofifia, doa limeingia ndani ya klia. Hapo mwagia maji kidogo: likipotea likiwa na maji na kurudi likikauka, bafing inaweza kulimaliza. Lisipopotea, au ukucha ukizama, limekwisha vuka klia, na pesa ya bafing itakuwa imetupwa.

Utomvu ndio unaotusumbua zaidi. Msimu wa kaskazi jua ni kali, kila dereva anatafuta kivuli, na kivuli kilichopo ni cha mwembe au mkorosho, tena wakati ule ule miti hiyo inapozaa. Tone la utomvu likianguka asubuhi, jioni limekauka gumu kama gundi. Usilikwangue. Nunua spiriti ya kusafishia vidonda kwenye duka la dawa, chupa ndogo ni kama shilingi 100 hadi 150. Lowesha pamba, iweke juu ya tone kwa dakika moja, kisha futa kwa kuinua, bila kusugua. Rudia mpaka liishe, halafu osha kwa maji na sabuni. Mafuta ya nazi pia hulainisha utomvu ambao haujakaa sana, ila yanataka muda zaidi.

Thina, ile ya kuyeyushia rangi, ni hatari hapa. Rangi ya kiwandani inaweza kuistahimili kidogo, lakini magari mengi tunayonunua mkononi yamekwisha nyunyiziwa, mengine kwa rangi isiyotiwa hadena, dawa ya kuikaza. Thina huiyeyusha rangi hiyo papo hapo. Hata spiriti ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, acha.

Kinyesi cha ndege nacho kina haraka yake. Kunguru wamejaa kutoka Mombasa hadi Malindi kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Kinyesi chao kina asidi, na boneti nyeusi iliyoanikwa juani inaweza kupita nyuzi 60 za joto. Rangi hulainika kwa joto, na ikipoa hukaza huku imelishika umbo la lile doa. Ukiliondoa siku hiyo hiyo, gharama ni maji tu: weka kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi, kisha inua. Likikaa wiki, hilo ndilo doa ambalo kweli utalilipia bafing, na hata hapo mwambie fundi apige paneli ile moja peke yake. Paneli moja haifai kulipiwa bei ya gari zima.

Madoa meupe ya duara yanatokana na maji ya visima, ambayo kwetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa na chumvi. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inatosha, gari likiwa kivulini na limepoa. Ipake, ngoja dakika moja au mbili, suuza sana. Mahali pa kuosha magari panapotumia maji ya bomba panafaa zaidi kuliko penye kisima, hata kama bei imezidi kidogo.

Matone ya lami kwenye milango, ambayo watu wa Mtwapa na Kilifi wanayajua vizuri kutokana na ujenzi wa barabara, hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Usiyafikishe mafuta hayo kwenye mipira ya milango, na uyaoshe mara moja.

Waosha gari wa shilingi 200 au 300 hawana ubaya, ila kitazame kitambaa chao. Kikiwa ndicho kilichotoka kufuta pikipiki yenye mchanga, kitakuachia mikwaruzo ambayo baadaye utauziwa bafing kuiondoa. Nenda na kitambaa chako. Ukiwa na shilingi elfu moja ya ziada, nunua waksi ya kopo, uipake kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa gari linalolala karibu na bahari, au linalopita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, waksi ina faida kubwa kuliko bafing ya kila mwaka.

Kama unataka kuuza gari na rangi imefifia kote, bafing moja nzuri ina thamani yake. Kama ni gari la kazi, achana nayo. Na ukifika kwa fundi, mwombe ajaribu spiriti au siki kwenye doa moja mbele ya macho yako kabla hajawasha mashine. Akikataa kujaribu, peleka gari kwa mwingine.