Mionzi ya Gama na Mgonjwa wa Chanzuru

Mgonjwa wa saratani kutoka Chanzuru, wilayani Kilosa, akiambiwa kwamba kipimo chake kitahitaji sindano yenye dawa ya mionzi, huenda swali lake la kwanza lisihusu ugonjwa: je, nikirudi nyumbani nitaweza kumbeba mwanangu? Anastahili jibu kamili.

Dawa hiyo huanzia katika saiklotroni, mashine inayozipa protoni kasi kubwa na kuzielekeza kwenye maji yenye oksijeni-18. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, imekuwa nayo tangu 2018. Protoni ikikigonga kiini cha oksijeni huingia ndani, nyutroni moja hutoka, na kiini kinachobaki ni cha florini-18. Viini vilivyosisimuliwa na mgongano huo hutoa mionzi ya gama papo hapo, ndipo vitulie. Mionzi hiyo haimfikii mgonjwa kamwe. Huishia kwenye kuta nene za zege.

Anachochomwa mgonjwa ni florini iliyounganishwa na sukari. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, hivyo dawa hujikusanya humo. Florini hutoa positroni. Hiyo ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miale miwili ya gama inayokimbilia pande zinazokabiliana. Mashine huinasa miale hiyo na kuonyesha uvimbe ulipo.

Kila baada ya dakika 110, nusu ya florini iliyopo huisha. Zikipita saa 5 na nusu husalia sehemu moja kwa nane. Zikipita saa 11, moja kwa 64, mbali na ile inayotoka kwa mkojo. Ndiyo sababu mgonjwa huhimizwa kunywa maji, kukojoa mara kwa mara, na kutokaa karibu na watoto wachanga na wajawazito kwa saa chache atakazotajiwa. Kumbeba mwana kunaahirishwa tu.

Lakini kasi hiyohiyo ya kuisha haimsubiri msafiri. Dozi hutengenezwa kwa saa maalumu. Akichelewa, hakuna jokofu litakaloihifadhi hadi kesho. Mhudumu wa zahanati anayeandika rufaa amweleze hilo mapema, ataje kisukari kama kipo, na asisitize mfungo wa saa kadhaa kabla ya kipimo. Chai ya sukari iliyonywewa stendi alfajiri, kwa nia njema kabisa, yatosha kuififisha picha.